Bei ya mbaazi ya Kilwa hupangwa wapi?

Kila mwaka ifikapo Agosti, mbaazi zinapoanza kukauka mashambani kuanzia Mingumbi hadi Nanjilinji, na upande wa pili hadi Mtama, swali moja hurudi kwenye simu za kipindi chetu cha wakulima: bei ya mwaka huu kaipanga nani? Wengine hukilaumu chama cha msingi, wengine huwalaumu wanunuzi, wengine serikali. Swali hili lina jibu, ila jibu lenyewe ni refu kwa dakika tatu za hewani, ndiyo maana tumeona tuliandike hapa msikilizaji ulisome kwa nafasi yako.

Kwa ufupi, sehemu kubwa ya bei ya mbaazi hupangwa New Delhi. Bei ya korosho hutegemea wabanguaji wa India na Vietnam. Ufuta unaitazama China. Mkulima wa Kilwa au Lindi anaweza kuwa na mazao yote matatu, akaamini kwamba ametawanya hatari, lakini kila zao lina mteja mmoja au wawili wakubwa walioko ng'ambo ya bahari. Mteja huyo akifunga mlango, hakuna mlango wa pili wa kubisha. Mwaka 2017 tuliliona hilo kwa macho yetu, na nadhani ni vizuri tukumbushane lilivyokuwa, maana vijana wengi wanaoingia shambani leo walikuwa bado shuleni.

Agosti 2017

India ndiyo inayolima mbaazi nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na ndiyo inayokula nyingi zaidi. Wao huziita tur au arhar. Huzikoboa, huzipasua na kupika dali, mboga ya kila siku kwa mamilioni ya familia. Sisi huku pwani tunazipika kwa nazi na kuzila asubuhi na maandazi, lakini hata tungekula asubuhi na jioni, tusingeweza kumaliza kinacholimwa kusini. Zao hili linalimwa kwa ajili ya meli.

Mwaka 2014 na 2015 mvua za India zilikuwa mbaya miaka miwili mfululizo. Mwishoni mwa 2015 kilo moja ya dali ya mbaazi iliuzwa kwa takriban rupia 200 kwenye baadhi ya miji yao, na serikali ikaanza kutafuta mbaazi nje kwa haraka. Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alizuru Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya katika safari moja. Mjini Maputo, serikali yake ilikubaliana na Msumbiji kwa maandishi kwamba India itanunua kiasi maalumu cha mbaazi, kuanzia tani 100,000 mwaka wa kwanza hadi kufikia tani 200,000 mwaka 2020/21.

Huku kwetu bei ilikuwa nzuri, na mkulima akiona bei nzuri hahitaji semina. Watu waliongeza mashamba. Waliokuwa wakichomeka mbaazi katikati ya mahindi wakaanza kuzipandia shamba lake peke yake.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hatulifikirii: mkulima wa Maharashtra na wa Karnataka naye aliiona bei ileile. Naye akaongeza shamba. Mvua za 2016 zikawa nzuri, na mavuno ya mbaazi ya India yakapanda kutoka takriban tani milioni 2.5 hadi karibu tani milioni 4.8 kwa msimu mmoja. Bei yao ikaanguka hadi chini ya ile ambayo serikali yao huitangaza kuwa kima cha chini. Wakulima wakaingia barabarani katika majimbo kadhaa wakidai bei na msamaha wa madeni. Juni 2017, katika wilaya ya Mandsaur jimboni Madhya Pradesh, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji na wakulima wakapoteza maisha.

Serikali yenye wakulima waliokasirika kiasi hicho hailali usingizi kwa ajili ya mkulima wa Kilwa. Tarehe 5 Agosti 2017 India ilitangaza kwamba mbaazi zitakazoingia nchini mwao kwa mwaka wa fedha hazitazidi tani 200,000. Ila tangazo hilo liliacha nje mikataba ambayo serikali ya India ilikuwa imeisaini na nchi nyingine. Msumbiji ilikuwa nayo karatasi. Sisi hatukuwa nayo.

Tazama tarehe hiyo kwa jicho la shambani. Mbaazi hupandwa na mvua za Desemba na Januari, mara nyingi pamoja na mahindi. Mahindi yanavunwa, mbaazi zinabaki zikichanua na kuweka maganda hadi Agosti na Septemba. Tangazo la New Delhi lilimkuta mkulima ameshalima, ameshapanda, ameshapalilia mara mbili, na amebakiza kuvuna tu. Hakuna uamuzi wowote uliobaki mikononi mwake isipokuwa mmoja: nivune au niache? Bei iliyokuwa imezoeleka kuwa zaidi ya shilingi 1,000 kwa kilo ilishuka hadi shilingi mia chache. Kuna waliopiga hesabu ya vibarua wa kuvuna na kupiga, wakaona afadhali mbuzi waingie shambani.

Mimi siwalaumu India. Walifanya ambacho serikali yoyote ingefanya kwa wakulima wake. Linaloniuma ni ile karatasi ya Maputo. Mbaazi ya ng'ambo ya Ruvuma na mbaazi ya upande wetu ni mbaazi ileile, na ukizichanganya kwenye gunia moja hakuna fundi wa kuzitenganisha. Lakini moja ilikuwa na mkataba na nyingine ilikuwa na bei nzuri ya mwaka uliopita.

Mlango ulifunguliwa tena. Tarehe 15 Mei 2021 India, ikiwa tena na upungufu, iliruhusu mbaazi ziingie bila kikomo cha tani, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa muda. Bei ikanyanyuka, watu wakarudi kupanda. Lakini ni ruhusa yenye tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo tutaitaja kabla hatujamaliza.

Kutoka dola hadi shilingi ya mnadani

Tuache kidogo siasa za India tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hata mlango ukiwa wazi bei ya mnadani haishuki kutoka mbinguni.

Mnunuzi anayeweka bei kwenye mnada wa Lindi Mwambao kwa kawaida ameshazungumza na mteja wake wa nje. Ameahidiwa dola kadhaa kwa tani ikifika bandari fulani. Kutoka kwenye dola hizo anaanza kutoa: nauli ya meli, bima, gharama za bandari, kontena, lori kutoka ghalani, kusafisha mzigo, uzito utakaopungua mzigo ukiendelea kukauka, riba ya benki, ushuru wa mazao wa halmashauri ambao ni asilimia 3, na faida yake. Kwa korosho ghafi kuna pia ushuru wa kuuza nje, asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, inachukuliwa iliyo kubwa. Kinachobaki ndicho anachoweza kuandika kwenye zabuni. Ndiyo maana lori likikwama barabarani Somanga wakati wa mafuriko, au nauli ya meli ikipanda kwa sababu ya vita mahali ambapo hatujawahi kufika, shilingi inayopungua hupungua kwako. Mteja wa mwisho hana habari na Somanga.

Halafu kuna dola yenyewe. Oktoba 2024, minada ya korosho ilipokuwa ikianza, dola moja ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,700. Mwishoni mwa Desemba ilikuwa karibu na 2,400. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba baada ya gharama zote mnunuzi amebakiwa na dola 1,500 kwa tani. Kwa dola ya 2,700 hiyo ni shilingi 4,050 kwa kilo. Kwa dola ya 2,400 ni shilingi 3,600. Korosho ni ileile, mteja ni yuleyule, dola ni zilezile, na shilingi 450 zimeondoka kwenye kila kilo bila mtu kuiba. Wakati huohuo shilingi ikipata nguvu, petroli ya bodaboda na dawa ya kupulizia mikorosho huwa na nafuu, ila nafuu hiyo haitangazwi mnadani, kwa hiyo haionekani.

Baada ya bei kutangazwa yanakuja makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala na usafirishaji. Hapo ndipo mkulima ana haki na uwezo wa kuuliza, kwa sababu makato hupangwa hapahapa na watu tunaowajua kwa majina. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza na korosho mwaka 2007, ulikuja kumtoa mkulima kwenye mikono ya kangomba na chomachoma, wale wanaonunua kwa kipimo cha kujaza na kwa bei ya mwenye njaa. Kwa kazi hiyo umesaidia, na minada ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, imefanya kila mtu aione bei kwa wakati mmoja. Ila mfumo huu unagawa kilichopo. Hauwezi kuumba dola ambayo mnunuzi wa nje hakuiweka.

Kutolieleza hili mapema kuna gharama. Aprili 2013 Liwale, wakulima waliokuwa wakisubiri malipo ya pili ya korosho waliambiwa ni shilingi 200 kwa kilo wakati walitarajia 600. Ghasia zikazuka na nyumba zikachomwa moto. Watu walidhani fedha zimeliwa. Kama kulikuwa na ulaji ndani yake au hakukuwa, soko la nje nalo lilikuwa limeshuka msimu ule, na hakuna aliyekuwa amekaa na wanakijiji chini ya mwembe akawaeleza.

Korosho na ufuta zina kalenda yake

Korosho zetu zina bahati moja ambayo mbaazi hazina. Sisi tunavuna kuanzia Oktoba hadi Januari. Ivory Coast, ambayo ndiyo kubwa barani Afrika, huvuna kuanzia Februari, na India na Vietnam nao huvuna katika miezi hiyohiyo ya mwanzo wa mwaka. Maana yake ni kwamba mabanguzi ya Kollam na ya Bình Phước yanapoanza kuishiwa mzigo, korosho mpya inayopatikana ni ya Mtwara, Lindi na jirani zetu wa Msumbiji. Mwenye kiwanda chenye wafanyakazi mamia hawezi kusubiri hadi Februari. Hiyo ndiyo nguvu yetu mezani.

Nguvu hiyo ina mpaka. Oktoba 2018 wakulima walizikataa zabuni kwa kuwa ndogo mno ikilinganishwa na msimu uliotangulia. Novemba, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Wakulima walishangilia, na nani asingeshangilia? Lakini malipo yalichukua miezi mingi kwa baadhi yao kwa sababu ya uhakiki, na serikali nayo ikajikuta na maghala yaliyojaa. Mkataba uliosainiwa Januari 2019 na kampuni moja ya Kenya wa kuuza tani 100,000 haukutekelezwa. Februari ilipofika, korosho za Afrika Magharibi zilikuwa zimeingia sokoni na ile bahati ya kalenda ilikuwa imekwisha.

Suluhisho ambalo kila mwanasiasa hulitaja ni viwanda, na ni kweli: anayeuza korosho ghafi ana wateja wa nchi mbili, anayeuza zilizobanguliwa anaweza kuuza Marekani, Ulaya na Ghuba. Ila tusisahau kwamba viwanda tulikuwa navyo. Kuanzia miaka ya 1970 vilijengwa 12, vingi kwa mikopo ya nje. Wakati vinakamilika, korosho zenyewe zilikuwa zimepungua kutoka takriban tani 145,000 za msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya serikali ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia kazi. Vingi vikaishia kuwa maghala.

Ufuta ni habari fupi zaidi. Mnunuzi mkubwa ni China, anayefuata kwa jina ni Japani, ambayo ni nchi ngumu sana kwa mabaki ya viuatilifu. Minada yetu ya Juni na Julai huja kabla China haijavuna ufuta wake Agosti na Septemba, na kabla ya Sudan na Ethiopia ambao huvuna baadaye. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 viliitikisa nchi ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa, na wanunuzi wakazidi kuangalia huku. Lakini Pakistan imeongeza sana ufuta wake sokoni, na Novemba 2024 Brazil ilifunguliwa rasmi soko la China. Brazil wanavuna kwa mashine mashamba ambayo ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake. Sisi bado tunakata kwa mkono, tunafunga miganda, tunaisimamisha ikauke, tunaikung'uta juu ya turubai. Asiye na turubai anakung'uta chini, na mchanga unaoingia kwenye ufuta wake humshushia bei yeye na wenzake wote waliomimina ghala moja.

Kwa nini chai si hivi

Msikilizaji mmoja aliyewahi kuishi Mufindi alituuliza kwa nini wakulima wa chai hawana vishindo kama vyetu. Kwanza wanavyo, vya namna yao. Lakini kuna tofauti ya kweli. Chai ya Afrika Mashariki imekuwa na mnada Mombasa tangu 1969, na Novemba 2023 Tanzania ilianzisha wa kwake Dar es Salaam. Pale Mombasa huuzwa chai ya nchi nyingi, na wanunuzi wanatoka Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Pakistan akisitasita, Mmisri yupo. Tena jani la chai linachumwa karibu mwaka mzima, kwa hiyo bei mbaya ya mwezi huu haimli mkulima mwaka wake wote. Mbaazi ina mavuno mamoja kwa mwaka na mnunuzi mmoja. Ikikosea, imekosea hadi mwaka ujao.

Jambo moja ambalo mbaazi inaishinda chai ni kwamba jani bichi likikaa siku moja limeharibika, mbaazi kavu inaweza kusubiri. Ila mdudu naye hasubiri, na asiye na mifuko isiyopitisha hewa atauza unga. Na kusubiri kuna maana pale tu unapojua unasubiri nini.

Kilwa inajua zamani nini maana ya zao la kuuza nje ambalo mkulima hakuulizwa. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye milima ya Matumbi, walikwenda kwenye shamba la pamba walilolazimishwa na Wajerumani kulilima, wakaing'oa miche, na Vita vya Majimaji vikaanza. Leo hakuna akida anayemlazimisha mtu kupanda mbaazi. Uamuzi ni wa mkulima, naye huufanya Desemba kwa kuangalia bei ya mnada uliopita, kwa sababu ndiyo bei pekee aliyoambiwa. Lakini bei hiyo inamweleza India ya mwaka jana ilikuwa na njaa kiasi gani. Mbaazi atakayoipanda itakutana na India ya Agosti ijayo, ambayo wakati huo itakuwa imeshapata mvua au imeikosa, na wakulima wake watakuwa wameshapanda nyingi au chache.

Dalili hizo zinaonekana kabla hatujavuna. Mvua za India huanza Juni, na kufikia mwisho wa Julai takwimu za eneo walilopanda mbaazi huwa zimetangazwa. Mavuno yao huingia sokoni kuanzia Desemba, kwa hiyo mzigo wetu wa Septemba hadi Novemba ndio unaowakuta ghala zikiwa tupu. Mbaazi ya Kilwa inayochelewa hadi Januari inakutana na mbaazi mpya ya Karnataka njiani.

Na ile tarehe tuliyoahidi: ruhusa ya India ya kuingiza mbaazi bila ushuru iliongezwa Januari 2025 hadi tarehe 31 Machi 2026. Kila inapokaribia kuisha, wafanyabiashara wa Mumbai hukaa macho kusubiri tangazo, na mwezi huo wa Machi mbaazi za Mingumbi huwa zimefika magotini, bado hazijachanua.